Siku Msabila Alipopewa Vyote

Fumbeni macho, wajukuu zangu, mwione chemchemi ya maji ya chumvi, na watu wameizunguka, kila mmoja na rungu lake. Mmefumba? Wewe Shija, nakuona unachungulia.

Hapo kale, kale ambayo hata bibi yangu aliisikia tu, watu wale walipigana asubuhi, wakapigana mchana, jioni wakalala na nundu, chumvi hawana.

Mwisho wakachoka. Wakampelekea marungu yao yote Msabila, mwenye nguvu kuwashinda. "Yashike wewe. Atakayempiga mwenzake, mkomeshe."

Amani ikaja. Mama mmoja, Nyamizi, akachemsha maji yake kwa raha mpaka chungu kikajaa chumvi nyeupe, ya kubadilishana na mtama wa watoto wake.

Lakini mtu ni mtu, wanangu. Msabila akayatazama marungu, akajitazama mwenyewe, akaenda kwa Nyamizi.

"Lete chungu hicho. Mlinipa marungu, basi vyote ni vyangu."

Nyamizi akawaza. Watoto watakula nini? Na atapigana kwa kitu gani, naye rungu hana? Akapiga magoti.

"Vyote, baba?"

"Vyote."

"Haya, pokea."

Akampa chungu. Akampa na mwanawe mchanga, aliyekuwa akiota meno na kulia. Kisha akapita nyumba kwa nyumba akinong'ona.

Basi wakaja. Wakaja na watoto wenye mafua, wakaja na mbuzi wenye kuhara. Mzee Lukanda akaja na mama mkwe wake, akamkalisha mkekani kwa Msabila.

"Huyu anataka nini?"

"Uji, baba, usio na mabonge. Jana alinisema mpaka alfajiri. Leo ni wako."

Msabila akabembeleza, akakoroga uji, akasemwa. Kabla jua halijatua alikuwa mlangoni kwa Nyamizi, mtoto begani, mgongo umelowa mkojo.

"Mama, mchukue mwanao."

"Mwanangu? Kumbe ana mwenyewe?"

"Wewe ndiye uliyemzaa."

"Na chumvi, baba, nani aliyeichemsha?"

Msabila akamhamishia mtoto bega la pili. Mtoto hakunyamaza.

"Wewe," akasema Msabila.

Chungu kikarudi, mbuzi wakarudi. Marungu wakamwachia, maana walijijua, wakiyashika watapigana tena. Mama mkwe alikataa kurudi. Uji wa Msabila ulimpendeza.

Kisa changu kimechoka kutembea, nakiacha kilale. Nanyi mkisahau yote, naomba mnikumbukie hili moja: mlinzi hupewa rungu, hapewi chungu.