Koti Moja, na Mti wa Podo Wenye Ndevu

Sogeeni. Mwenye ubishi asiumalize sasa, utatufaa mwisho.

Huko milima ya Upare walikuwapo watu watatu. Senkondo alijua kukwea miti, hata ile ambayo nyani huifikiria mara mbili. Mbonea alikuwa mkaidi, akikaa, amekaa. Namkunda, mjane, alikuwa na macho ya kuona vitu vidogo.

Siku moja wakaja wapasua mbao na msumeno wa injini. Wakasimama chini ya mti wa podo, mkubwa kuliko yote mlimani. "Huu mgonjwa," wakasema. "Tazameni ndevu hizi za kijivu zilizoota matawini na gomeni zinavyoula." Watatu wale wakakataa, wakapeleka habari kwa bwana misitu. Alikuwa mbali, akatuma neno: atafika keshokutwa, mwenye ushahidi na auweke tayari.

Mbonea akaenda kukaa juu ya mizizi. Wakamtukana, akala kiporo chake cha makande. Wakawasha injini, akajifunika shuka akalala. Siku mbili hakubanduka.

Senkondo naye akakwea hadi kileleni, akashuka na majani na mbegu. Bwana misitu alipofika alizigeuzageuza, akafungua kitabu. "Lo! Kumbe ni podo ya milima hii hasa. Imo kwenye orodha ya miti iliyo hatarini kutoweka. Lakini kama mti wenyewe unakufa, sina la kuwazuia hawa."

Ndipo Namkunda akabandua ndevu kidogo, akakwaruza gome kwa ukucha. Ndani kijani kibichi. "Bwana, hizi haziunyonyi mti. Zimekaa tu, zinakunywa ukungu. Hewa ikichafuka, ndizo hufa kwanza."

Bwana misitu akazitafuta ndevu kitabuni, wapi! "Hizi hakuna aliyezipima," akasema. "Huenda ziko tele, huenda zimebaki hapa tu. Hatujui."

"Ila mti u mzima, haukatwi." Wapasua mbao wakafungasha. Bwana misitu akasema msitu huu sasa unataka mlinzi, akatoa koti la kazi hiyo. Moja.

"Bila mimi mngekuwa mnabishania kisiki," akasema Mbonea.

"Na bila mbegu zangu, nani angeujua?" akadakia Senkondo. "Nipeni mimi. Kesho nakwea kuziparua ndevu zote, mti upendeze."

Namkunda akashika kichwa. "Uparue! Ukizimaliza, kaka, utazitoa wapi nyingine?" Alilitaka koti lile kuliko wote, na aliona haya kuomba. Akaomba. "Marehemu mume wangu alikuwa mlinzi hapa. Miguu ilipomkataa, miaka miwili msitu niliuzunguka mimi."

"Pole, mama. Hilo halikuandikwa popote," akasema bwana misitu.

Haya, wenzangu. Aliyeuzuia msumeno, aliyeuonyesha mti kuwa umo orodhani, au aliyezitetea ndevu ambazo hakuna orodha inayozijua? Bwana misitu amenyoosha mkono na koti, wote watatu wamesimama mbele yake. Wewe ungemvika nani, na wale wawili ungewaambia nini?