Kura za Miguu

Wasikilizaji, mpo?
Tupo, na masikio tumekuja nayo!
Na maji yapo?
Yapo juu!
Na huku chini?
Vumbi!

Basi Mungu anisamehe nikitia chumvi.

Hapo kale bwawa lilibomolewa mtoni. Wanyama wakashangilia: maji yatashuka, samaki watapanda! Kumbe Kiboko kaenda pale penye pengo, kakaa. Puh! Tumbo likaziba. Maji yakasimama kama zamani.

Huko chini Bi Kaa alikuwa na watoto kwenye kidimbwi, na kidimbwi kinakauka. Akapanda upande upande, nyata nyata nyata.

"Shikamoo Mzee. Tuachie maji, wanangu wanakufa."

"Marahaba. Ondoka."

Kesho yake, nyata nyata nyata.

"Shikamoo Mzee. Tuachie maji, wanangu wanakufa."

"Marahaba. Ondoka."

Siku ya tatu akaja na Korongo na Kambale.

"Mzee, leo hatuombi kitu. Tunafanya utafiti wa pamoja, tujue mto umeponaje tangu bwawa libomolewe. Tunachagua mwenyekiti. Kila mtu ajipigie: mguu mmoja juu, kura moja."

"Mie je, nisiye na miguu?" Kambale akauliza.

"Wewe mtazamaji," Bi Kaa akamjibu. "Nyamaza."

Korongo akapata moja. Mguu wake ulikuwa juu tangu asubuhi. Bi Kaa akainua mitatu.

"Tatu!" Korongo akahesabu.

Kiboko roho ikamruka. Akainua mguu. "Moja!" Akainua mwingine. "Mbili!" Akainua wa tatu, akayumba, yumbu yumbu. "Tatu! Mmelingana."

"We bibi," Kiboko akasema, "mbona hiyo mingine huinui?"

"Nimeisimamia, Mzee. Nikiinua yote si nitachukuliwa na maji?"

Kiboko akacheka, kwe kwe kwe! "Ndiyo maana vidudu hamtawali!" Akainua wa nne.

Gharrr! Chubwi! Gudu gudu gudu! Maji yakamzoa, tumbo juu, miguu yote hewani.

"Nimeshindaaa!"

"Nne," Korongo akahesabu.

"Andika," Bi Kaa akasema, "mwenyekiti kapatikana, ila kikaoni hayupo." Akayafuata maji mbio, akawakuta wanawe wanaogelea, wanarushiana matope.

Funzo lake: tusidanganyane. Mwambie mwenzio kweli tupu, atajimaliza mwenyewe. Nami nakiri, jirani yangu nimeshamwambia kweli ya namna hiyo, na kanisani nikaenda.

Ngano imeteremka na mto. Aliyelowa, ajikaushe.