Gego la Korongo la Nakwamor

Hapo zamani, mwaka ule mvua iliponyesha siku kumi na moja mfululizo, watu watatu walikuwa wakitafuta meno ya wanyama wa kale katika korongo la Nakwamor. Mvua ikikatika, udongo huwa umeoshwa, na meno yaliyogeuka mawe huchungulia. Basi hutafutwa upesi, kwa magoti, kabla mbuzi hawajayakanyaga.

Watatu hao walikuwa wamechoka. Miezi mitano hawajalala kwao. Na desturi ya kambi ilikuwa hii: anayepata jino hupanda gari linalolipeleka mjini, kisha huenda nyumbani kupumzika hadi msimu ujao. Kiti ni kimoja.

Wa kwanza alikuwa mzee Ewoi. Kabla ya mvua aliona kipande cha taya kisicho na jino, akapanga mawe mahali pale.

"Mvua ikija, patafunguka hapa."

"Mzee, wewe unaota taya, sisi tunaota kitanda," mwenzake Lokwang akamcheka.

Mvua ikaja, ikapita. Wa pili, Akal, akaenda penye mawe ya mzee. Akaliona: gego jeusi, limemeguka pembe ya kushoto. Hakuligusa. Jino halinyanyuliwi kabla mahali pake hapajaandikwa na mkuu wa kambi kushuhudia; likinyanyuliwa, umri wake haujulikani tena, linabaki jiwe tu. Akalichora, akapima hatua, akakimbia kumwita mkuu. Waliporudi, maji ya milimani yalikuwa yamelichukua.

Wa tatu alikuwa Lokwang. Alikuwa amejilaza. Akaamka, akachukua chekeche, akachekecha matope ya chini ya korongo siku mbili, karai baada ya karai. Karai la mia moja na saba: gego jeusi, limemeguka pembe ya kushoto.

Gari likawashwa. Mto wa njia ya mjini ulikuwa unajaa tena.

"Bila mawe yangu mngetafuta wapi?" akasema Ewoi. "Na magoti haya hayafiki msimu mwingine."

"Mzee, wewe uliona taya. Jino nililiona mimi," akasema Akal. "Bila mchoro wangu, hilo ni kokoto. Mwanangu ameanza kutembea, sijaziona hatua zake."

"Uliliona, dada, ukaliacha liende." Vidole vya Lokwang vilikuwa vimechubuka. "Aliyepata ni aliye nalo mkononi."

"Ningeliokota, mngenisifu au mngenifukuza?"

Mkuu wa kambi, macho mekundu kwa kukosa usingizi, alikuwa ameushika mlango wa gari, uko wazi. Dereva akapiga honi.

"Bosi, maji yakipita magurudumu haendi mtu!"

Nanyi mnaosikiliza mmekaa, miguu yenu haina tope, semeni upesi: nani aliyelipata jino hilo? Je, nani alistahili kupanda?