Gita la Luhende na Sabufa ya Mlangoni

Hapo zamani, na msidhani ni zamani za sungura na fisi, maana watu walishaanza kununua televisheni pana kuliko madirisha yao, palikuwa na mzee mmoja mjini Morogoro aitwaye Luhende. Alikuwa Mnyamwezi, mstaafu, ana mke aitwaye Nyamizi, ana binti aitwaye Kabula, ana mwana aitwaye Masanja, na ana wajukuu wa kujaza mkeka. Ujanani alipiga gita la besi katika bendi ya Mindu. Shikeni hapo: gita la besi. Si solo, linalolia juu kila mtu akageuka. Besi hutembea chini, na kazi yake ni kuwabeba wengine.

Mzee huyu alikuwa na mtani. Utani wa Mnyamwezi na Mzaramo mnaujua, haukuanza jana. Mtani mwenyewe aliitwa Pazi, Mzaramo, mwimbaji wa bendi ileile, mtu mwenye mdomo usiopata likizo. Siku ya harusi ya Kabula, Pazi alishika kipaza sauti mbele ya wageni wote akasema, "Jamani, huyu baba wa bibi harusi anawaambia alipiga gita. Muulizeni, nani amewahi kulisikia? Mimi niliimba. Huyu alikuwa anabeba vyombo."

Ukumbi ukaangua kicheko. Luhende naye akacheka, maana mtani hanuniwi, ukinuna umeshindwa. Lakini neno lile lilimkaa rohoni. Redio zote za nyumbani mwake zilikuwa ndogo, zenye sauti nyembamba kama nyuki ndani ya kopo. Wimbo wao, "Maua ya Kihonda," ukipigwa, Pazi anasikika. Tarumbeta zinasikika. Gita la solo linasikika. Gita la besi halisikiki. Wajukuu walizaliwa wakakuta neno la Pazi limeshageuka kuwa habari ya kweli, wakamwita babu yao Babu Mbeba Vyombo. Walimwita hivyo kwa upendo kabisa, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Mtu aliyetukanwa anaweza kushtaki. Mtu aliyetaniwa ana jibu moja tu: aoneshe.

Basi Masanja, ambaye alikuwa fundi ujenzi, akawaongezea wazazi wake chumba kando ya nyumba. Chumba cha burudani. Akaweka vigae sakafuni, akaingiza makochi, akatundika televisheni. Kilichobaki ni chombo cha muziki. Luhende akalitoa gita lake uvunguni, akalifuta vumbi, akalitundika ukutani, akawaita watu wake. Pazi naye alikuwepo, maana mtani haalikwi, anakuja.

"Ninaomba kitu kimoja," Luhende akasema. "Atakayefanya gita hili lisikike humu ndani, Pazi amekaa hapa na wajukuu wamekaa hapa, ndiye atakayelichukua likawa lake."

Ahadi ni deni. Sasa angalieni deni hilo lilivyopata wadai.

Kabula na Masanja wakaenda dukani. Muuzaji, kijana wa maneno mengi, akawapeleka moja kwa moja kwenye spika ndefu kama makabati, zenye taa nyekundu na za kijani zinazocheza. Akafungulia muziki wake mwenyewe. Vioo vya duka vikatetemeka. Masanja akasema hizi hizi, tusihangaike, pakieni.

Kabula akatoa flashi mkobani, akaomba uwekwe wimbo wa baba yao. Ukawekwa. Pazi akasikika. Tarumbeta zikasikika. Taa zikacheza vizuri sana. Gita la besi halikusikika.

Wakahamia spika nyingine. Pazi akasikika, tarumbeta zikasikika, gita la besi halikusikika. Wakahamia nyingine tena. Muuzaji akaanza kuitazama saa, na Masanja akamwambia dada yake kwamba anachagua spika kama anayechagua mchumba. Pembeni kabisa, karibu na stoo, palikuwa na spika mbili za kimo cha kawaida na sabufa yake, lile boksi la sauti nzito, nyeusi tii, bila taa hata moja. Muuzaji alisema hizo watu hawaziulizii sana. Kabula akasema ziwashwe. Wimbo ulipoanza akainama, akaweka kiganja juu ya sabufa. Kitu kikapiga kiganjani, kikatulia, kikapiga tena, kikapanda. Kabula akajua huyo ni baba yake. Machozi yakamtoka palepale dukani, na Masanja akabeba maboksi.

Jumapili mchana Pazi akafika, wajukuu wakaketi, pilau likaliwa. Bi Nyamizi alikuwa ameshakipamba chumba. Nyie mnamjua mama mwenye nyumba akiletewa kitu kipya: nailoni haitolewi, ili kisizeeke. Juu ya nailoni huja kitambaa. Bi Nyamizi alikuwa amefuma vitambaa vya maua ya waridi kwa mkono wake, msimu mzima wa mvua, kwa ajili ya chumba hicho, na kila spika ikavalishwa chake hadi miguuni. Sabufa, kwa kuwa haikuwa na sura, ikasukumwa kwenye kona nyuma ya kochi.

Wimbo ukapigwa. Chumba kizima kikavuma. Gita likipanda, uuum. Gita likishuka, uuum. Pazi akatega sikio kwa heshima zote, akasema ni kweli anasikia kitu, anasikia lori linapanda mlima Kitonga. Wajukuu wakavunjika mbavu. Luhende akacheka nao, lakini mkono wake uliokuwa juu ya goti ulikuwa umekunjwa ngumi.

Gita la besi halikusikika.

Masanja aliiona ile ngumi. Akanyanyuka. Sakafu ile aliilaza mwenyewe, na fundi wa sakafu ana desturi: akimaliza humwaga maji, aone yatasimama wapi na yatapita wapi. Akafikiri, kama maji yana kona yanakotuama, sauti nayo itakosaje? Akaivuta sabufa kutoka konani, akaipandisha juu ya kiti cha baba yake, pale anapokaa kusikiliza, akaufungulia wimbo. Aliwaza kwamba njia ya sauti ni ileile kwenda na kurudi: mahali itakaposikika safi ikitoka kitini, ikiwekwa hapo itasikika safi kitini. Kisha akapiga magoti, akaanza kutambaa.

Naam, kutambaa. Mwanamume mzima, mwenye ndevu na mke na watoto wake, anatambaa chumba kizima kama mtoto wa miezi tisa, sikio karibu na kigae. Wanawe wakamwonea aibu. Pazi akauliza kama pilau lile liliwekwa kitu. Mke wake akaomba aache, wageni wanatazama. Masanja hakuacha. Konani akasikia uuum. Chini ya televisheni, uuum. Kando ya kochi, uuum kidogo. Alipofika karibu na mlango akasimama, kisha akalala chini kabisa. Pale sauti haikutuama. Pale kila pigo lilikuja peke yake.

Akaishusha sabufa kutoka kitini, akaiweka palepale mlangoni. Bi Nyamizi akasema haiwezekani, kitu kikae njiani, kila aingiaye ajikwae kidole. Masanja akamwomba mama yake asubiri.

Wimbo ukapigwa. Uuum ukatoweka. Kukaja mapigo, moja moja, yanapanda na kushuka. Luhende akainua kichwa. Hata hivyo yalikuwa mapigo ya mbali, kama mtu anayetwanga nyumba ya pili. Kwamba ni gita, usingeapa. Pazi akasema sasa lori limefika juu, linashusha mahindi.

Ndipo Bi Nyamizi alipozungumza. Mwanamke huyu, kabla hajawa mke wa Luhende, alikuwa akisimama mbele ya jukwaa la Mindu kila wiki, upande wa kulia, na hakuwa anamtazama mwimbaji.

"Mvumo ni wake," akasema. "Vidole havimo. Luhende alikuwa akigusa uzi, unasikia kidole kwanza, ndipo mvumo unafuata. Hapa kidole sikisikii."

Akazitazama spika zake mbili zilizovaa waridi. Akaona kosa ni la nani. Kisha akavitoa vitambaa, cha kwanza na cha pili, akavikunja, akavipakata. Nailoni ikabaki. Mama wa watu hajawahi kuchana nailoni ya kitu kipya tangu aolewe. Kitanda chake mwenyewe kilikaa na nailoni mpaka ikaisha yenyewe. Akaishika kwa kucha, akaichana kutoka juu hadi chini.

Wimbo ukapigwa.

Kidole, kisha mvumo. Kidole, kisha mvumo. Gita la besi likaingia chumbani kama mwenye nyumba anayerudi kwake. Likapita chini ya tarumbeta, likazibeba. Likapita chini ya tumba, likazipanga. Kabula akasimama. Masanja, bado ana vumbi magotini, akaanza kupiga makofi. Luhende hakusimama, vidole vyake vilikuwa vimefunguka na vinacheza juu ya goti, na kila kidole kiligusa pale pale sauti ilipogusa. Furaha ilimjaa mzee yule.

Lakini wajukuu walikuwa wanatazamana. Mmoja akauliza, "Babu yuko wapi humo? Mimi namsikia Babu Pazi tu."

Chumba kikapoa. Maana sikio ambalo halijafundishwa humfuata anayeimba, na Pazi alikuwa anaimba kweli kweli.

Pazi akanyanyuka kwenye kochi. Watu wakajua sasa atammaliza mtani wake. Badala yake akaketi mkekani, katikati ya wajukuu, akamgeuza yule aliyeuliza, akaanza kumpigia mgongoni kwa vidole viwili, taratibu, pamoja na wimbo.

"Niacheni mimi," akawaambia. "Acheni na tarumbeta. Shukeni chini, chini kabisa. Mmelipata? Huyo ndiye babu yenu. Mimi hapo nimesahau ubeti, sikilizeni ninavyoyumba. Na huyo anazunguka mara mbili ananisubiri, ndiyo maana sikuanguka. Hajawahi kubeba chombo zaidi ya mimi."

Watoto wakafunguka macho mmoja baada ya mwingine. Mgongo huu ukalipata, ule ukalipata. Wakaanza kupiga magoti yao kwa mapigo ya besi, halafu sakafu, halafu migongo ya wenzao, mpaka wimbo ukaisha na wao hawajaisha. "Babu Besi!" wakaimba. "Babu Besi!" Wakamwinua mzee, wakacheza naye chumba kizima, na jirani aliyekuja kuulizia kelele akajikwaa kwenye sabufa ya mlangoni, akacheza naye pia.

Vumbi lilipotulia, wadai wakajitokeza.

Kabula akasema gita ni lake kwa haki. Kama angemsikiliza Masanja, leo wangekuwa wanatazama taa. Kisichoingia ndani ya nyumba hakiwezi kusikika ndani ya nyumba.

Masanja akasema gita ni lake kwa haki. Chombo cha Kabula kililetwa, kikawashwa, na kikaitwa lori. Aliyelitoa gita ndani ya uuum ni yeye, kwa magoti yake, mbele ya wanawe. "Dada yangu alilia dukani," akasema. "Mimi nilichekwa nyumbani."

Bi Nyamizi akasema gita ni lake kwa haki. Hao wote walisikia mapigo wakaridhika. Aliyejua kwamba vidole havimo ni yeye peke yake. Masanja akamkumbusha kwa adabu kwamba vitambaa vilikuwa vyake, na aliyeziba si ajabu akizibua. Bi Nyamizi akajibu kwamba ndiyo hasa, wao wametoa kazi, yeye ametoa kazi na fahari yake pia, na akawaonyesha vitambaa mapajani.

Pazi naye akasema gita ni lake. Watu wakacheka, wakidhani ni utani. Hakuwa anatania.

"Mtani, hukusema mtoto wako wala mkeo," akamwambia Luhende. "Ulisema atakayefanya lisikike, mimi nimekaa na wajukuu wamekaa. Hawa watatu wamelifanya litoke. Wajukuu hawakulisikia mpaka nilipowaonesha. Na nisingekuchokoza miaka yote hiyo, ungekufa na redio yako ya kopo."

Kabula akasema haiwezekani. Aliyelizika gita kwa mdomo wake alipweje kwa kulifukua? Pazi akasema basi mama yako naye asilipwe. Kabula akavitazama vitambaa mapajani mwa mama yake.

Luhende akalitungua gita ukutani. Akalishika kifuani, akawatazama wote wanne, na wote wanne walikuwa wamenyoosha mikono. Wala hakuwa na haraka. Kitu ambacho asubuhi ile kilikuwa mzaha wa watoto, sasa watu wazima wanne walikuwa wanakigombania mbele ya macho yake.

Mimi nimewafikisha hapo, na hapo nimekwama, kwa sababu gita ni moja na haligawanyiki kama pilau. Haya, nyie mlioshiba masikio, lisemeeni: aliyelichagua, aliyetambaa, aliyechana nailoni, na aliyelitania kisha akalitolea ushahidi, je, nani alistahili gita la Luhende?