Mzinga wa Katikati

Kiangazi hicho nyika ilikauka hata panzi wakaogopa kusugua miguu. Bi Nyamizi akamwendea Afisa Moto wa wilaya kuomba kibali cha kufyeka ukanda, moto usije ukaila mizinga yake yote ya nyuki.

“Sera ya moto haina haraka, mama,” alisema Bwana Lushinge, akijinyoosha kitini. “Ila debe la asali huikumbusha.”

“Debe kwa mtu wa cheo chako, mkubwa? Chukua mzinga mzima, ule mnene wa katikati. Ni wako tangu leo.”

Afisa alicheka mpaka magego yakaonekana. Halafu akakumbuka kuwa moto hauna adabu, hautambui mzinga wa mkubwa. Kesho yake vibarua wa serikali walishuka na mafyekeo, wakaizungushia mizinga yote ukanda mpana, maana wa katikati haulindiki bila majirani zake.

Moto ulikuja, ukaramba nyika, ukafika ukandani ukafa.

Siku ya kurina asali, afisa alikuja na ndoo. Akaufunua mzinga wake. Mtupu, hata buibui hakuhamia.

“Mama! Nyuki wangu wako wapi?”

“Hawajaingia, mkubwa,” alisema Bi Nyamizi, akilamba kidole. “Wanangoja kibali.”