Nungunungu na Jiko la Nje

Paukwa!

Pakawa!

Walioketi nyuma sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mmeamka. Sogeeni.

Zamani sana, wanyama walipokuwa bado wanapika chakula chao kwa moto, Nungunungu na mkewe waliishi katika pango chini ya kilima. Walikuwa na mtoto mmoja, jina lake Mwiba, kwa hiyo majirani waliwaita Baba Mwiba na Mama Mwiba. Humo pangoni aliishi pia mama yake Baba Mwiba. Huyo kila mtu alimwita Bibi.

Pango lilikuwa zuri. Wakati wa jua lilikuwa baridi, wakati wa mvua lilikuwa kavu. Lakini lilikuwa na mlango mmoja, na mlango huo huo ndio dirisha. Na jiko lilikuwa humo humo ndani, mafiga matatu, katikati.

Basi kila siku Mama Mwiba akiwasha moto, moshi unapanda, unagonga dari, unarudi chini. Fuuu, anapuliza. Kho, kho, kho, anakohoa. Machozi yanachuruzika. Ugali unaiva, na yeye anaiva.

Siku moja akasema, "Baba Mwiba, tujenge jiko la nje. Ukuta mfupi tu na paa la nyasi. Moshi upate pa kwenda."

Baba Mwiba akajibu, "Tutaona, mke wangu."

Mwezi ukapita. Kho, kho, kho.

"Baba Mwiba, lile jiko?"

"Tutaona."

Msidhani Baba Mwiba alikuwa mbaya. Hapana. Alikuwa mwoga wa njaa. Alipokuwa mdogo aliona mwaka ambao mvua haikuja, na baba yake akaenda kutafuta chakula asirudi. Tangu hapo aliweka akiba. Katika shimo nyuma ya pango alikuwa na vikapu saba vya makopa, mihogo mikavu, myeupe. Kila asubuhi alifunua shimo, akavigusa vyote saba, akafunika. Na Fundi Mchwa, mjenzi wa nchi ile, alitaka vikapu vitatu kujenga jiko. Vitatu, katika saba!

Baba Mwiba akaenda kumwuliza mama yake.

Bibi akasema, "Akiba haiozi, mwanangu. Mimi nilipika ndani, nikakulea, ukakua. Tena ukipika nje, kila mpita njia atajua siku mnayokula na siku mnayolala njaa."

Akaenda kumwuliza jirani yake, Ngiri.

Ngiri akasema, "Mimi nililijenga la nje. Mvua ikaja, maji yakaingia jikoni, chubwi! Chungu kikaelea. Tukalala hivyo hivyo."

Baba Mwiba akarudi nyumbani kichwa kizito. Alipofika mlangoni alisema, "Tutaona," na wala hakuna aliyemwuliza.

Sasa sikilizeni.

Ikaja siku ambayo kuni zilikuwa mbichi. Kuni mbichi mnazijua. Haziwaki, zinalia tu. Tsii, tsii. Moshi ukajaa pangoni, mzito kama uji. Mwiba alikuwa amecheza mpaka amechoka. Akaingia kimya kimya, akajikunja kando ya kuni, akalala. Na mtoto wa nungunungu akijikunja, ile miiba yake myembamba, myeusi na myeupe, utasema ni tita la vijiti.

Moto ukaanza kuzimika. Mama Mwiba amefumba macho kwa moshi. Akanyoosha mkono kwenye kuni. Akashika moja, kacha, akaitia motoni. Akashika ya pili, kacha, akaitia motoni. Akashika ya tatu. Hii ya tatu ilikuwa nzito. Akaivuta, akaiinua juu ya moto.

"Mama, mguu wangu."

Mkono wa Mama Mwiba ukaganda. Kisha akamvuta mtoto kifuani, na miiba yake yote, ikamchoma, asijali. Akampapasa masikio. Akampapasa pua. Akampapasa miguu, mmoja, wa pili, wa tatu, wa nne. Miiba mitatu ilikuwa imeungua ncha. Basi, ni hiyo tu. Akaketi chini na mtoto wake, kho, kho, kho, asijue kama analia au anakohoa.

Baba Mwiba alikuwa nje, akasikia. Akaingia mbio. Mkewe alikuwa hatua tatu mbele yake, na hakumwona.

"Mko wapi?"

"Tupo hapa."

"Na mtoto?"

"Mzima. Nilimshika nikidhani ni kuni."

Baba Mwiba akapapasa mpaka akawagusa. Akafungua kinywa, na kwa mazoea neno likaanza kumtoka. "Tuta..."

"Tutaona nini, Baba Mwiba?" mkewe akamwuliza, taratibu kabisa. "Humu ndani nani anaona?"

Baba Mwiba akageuka. Akatoka, akaenda nyuma ya pango, akafunua shimo. Akasimama pale akivitazama vikapu vyake. Mara akasikia fimbo, ko, ko, ko. Ni Bibi, anakuja.

"Mama, leo usinikataze."

"Sikukatazi," Bibi akasema. Akaielekeza fimbo mguuni mwa mwanawe. "Hilo kovu la mguuni mwako, nilikuambia lilitokana na nini?"

"Ulisema nilianguka kwenye mawe."

"Hukuanguka. Ulikuwa mdogo kuliko Mwiba. Moshi ulikuwa kama wa leo. Nilichelewa kukuvuta kutoka motoni." Bibi akafuta macho. "Sikumwambia mtu. Niliona haya. Toa vikapu, mwanangu."

Baba Mwiba akatoa vikapu vitatu, akaenda kwa Fundi Mchwa mchana ule ule. Akamweleza yaliyompata Ngiri. Fundi Mchwa akacheka, akasema, "Jiko la nje lataka sakafu ya juu na mtaro wa maji. Ngiri alijenga bondeni, tena peke yake."

Wakaja mchwa. Tiki tiki, tiki tiki. Wakainua sakafu, tiki tiki. Wakafinyanga ukuta, tiki tiki. Wakachimba mtaro, wakaezeka paa. Siku ya nne Mama Mwiba akahamisha mafiga, akawasha moto. Moshi ukapanda, ukapita chini ya paa, ukaenda zake. Akapuliza, fuuu. Akangoja kikohozi. Hakikuja. Akangoja tena. Hakikuja. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu aolewe, aliuona ugali wake ukiiva.

Mvua za mwaka ule zilichelewa, sitawaficha. Vikapu vinne vikawa vitatu, vikawa viwili, kikawa kimoja. Baba Mwiba alikonda kwa mawazo. Kikapu cha mwisho kilipofika nusu, ngurumo ikapiga upande wa mashariki, gudu gudu gudu, na mvua ikashuka. Maji yakafuata mtaro, jiko likabaki kavu. Baada ya siku chache mchicha ukaota kila mahali.

Mama Mwiba akachuma, akapika. Bibi akaketi pale pale jikoni na bakuli lake. Mwiba akakimbia huku na huku mvuani. Baba Mwiba akasogea karibu na mkewe, akamtazama usoni. Macho ya mkewe yalikuwa meupe, yametulia. Baba Mwiba alikuwa amesahau kwamba ni mazuri.

"Unaangalia nini?" mkewe akamwuliza.

"Nakuangalia wewe," akasema, akashusha pumzi ndefu.

Basi wenzangu, akiba huwekwa ili ilinde walio nyumbani. Ukiificha shimoni huku wao wanaumia, umelinda shimo. Na kabla hujaamua habari ya jiko, msikilize anayepika.

Hadithi yangu inakomea hapo. Iliyo nzuri chukueni nyinyi, iliyo mbaya niachieni mwenyewe.