Bakuli la Bi Sabika

Wametusimulia wema waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika mji mmoja kando ya Mto Furati aliishi mjane mchamungu, jina lake Bi Umaima. Mwaka ule homa iliingia mjini ikachukua watoto wengi, na mwanawe wa pekee, Muadhi, akawa miongoni mwao. Mola atuhifadhi na msiba wa namna hiyo.

Ilikuwa ada ya mji ule kwamba nyumba yenye msiba haiwashi moto. Majirani ndio hupika na kuleta. Na bakuli la msiba halirudi tupu: mfiwa akishapata nguvu hutia kitu ndani, japo tende chache, akalirudisha kwa mkono wake. Lakini homa ile iliwatisha watu. Walifunga milango, kila mtu na wake, na wafiwa wakalala na njaa. Homa ilipokwisha, watu wakawa wanapishana sokoni bila kutazamana usoni, maana kila mmoja alijua alichomfanyia jirani yake.

Hapo ndipo alipotokea Harthama. Huyu alikuwa akiutamani uliwali, kwa kuwa liwali naye alikufa kwa homa. Alikuwa na sauti nzuri na machozi ya karibu. Aliisoma aibu ya watu kama tabibu asomavyo ulimi wa mgonjwa, ila kuponya hakutaka. Baada ya sala husimama uwanjani akawataja watoto waliokufa, mmoja mmoja kwa jina, mpaka kina baba wakalia. Kisha huuliza kwa upole: ni nani waliohamia hapa kabla ya homa? Ni nani wanaochota kisimani kwetu? Hakusema ni watia nili, wale wageni waliokimbia ukame wakapewa mtaa wa juu, wakawa wanachovya nguo rangi ya buluu. Aliuliza tu. Jibu aliwaachia wenyewe, na jibu alilojipatia mtu mwenyewe, jamani, hulipenda kama mtoto wa kumzaa. Basi watu wakapumua. Kumbe kosa si letu! Wakaanza kutazamana tena, na wote kwa pamoja wakautazama mtaa wa juu kwa chuki.

Watu wakadai wageni wafukuzwe, lakini kadhi alikataa bila shahidi wa kuapa. Na msimu wa baridi ulikuwa umekaribia, baridi ambayo asiye na paa haimalizi yu hai.

Harthama akaenda kwa Bi Umaima, kwa kuwa hakuna aliyelitilia shaka neno la mama yule. Alimbusu mkono, akamwita mama, akamsikiliza habari zote za Muadhi, jambo ambalo hakuna mtu aliyemfanyia. Angeachaje kumpenda? Akamwuliza kama aliwahi kumwona mwanamke wa watia nili kisimani. Akajibu ndiyo, kila mtu huchota pale. Safari ya pili akamwuliza yule mwanamke alishika nini mkononi. Akasema hakumbuki.

"Jaribu, mama," Harthama akasema. "Kwa ajili ya Muadhi."

Basi akajaribu, maskini, na kadiri alivyojaribu ndivyo mkono ule ulivyomjia, mpaka akawa anauona kabisa ukidondosha kitu majini. Na akapata raha. Maana kama yupo aliyemwua mwanawe, basi yupo wa kumchukia, na kuchukia kulimwuma kidogo kuliko kukitazama kitanda kitupu.

Ijumaa aliyokubali kuapa mbele ya kadhi ilipofika, aliinuka kutia udhu. Kata ya kuchotea maji hakuiona, akanyoosha mkono rafuni akashusha bakuli la udongo. Ukingoni mlikuwa na alama za vidole, za buluu, vidole vya mtu ambaye rangi haimtoki hata akinawa. Akakaa chini, akakumbuka. Jioni ya mazishi, mji mzima umejifungia, mwanamke mmoja aliingia na uji wa shayiri katika bakuli lile. Alikuwa Bi Sabika, mke wa mtia nili. Alimlisha pole pole, kisha akalala kando yake mkekani mpaka asubuhi. Huo ndio mkono pekee wa watia nili alioujua Bi Umaima, na haukudondosha kitu majini. Ulimlisha yeye.

Alilia sana. "Ya Rabbi," akasema, "nimekaribia kukuapia uongo. Muadhi ulinipa Wewe, na umemchukua Wewe. Nisaidie niubebe uchungu huu bila kumtwika mtu."

Akaenda uwanjani na bakuli mkononi. Mbele ya kadhi akaeleza kwamba hakuona kitu kisimani, na alichodhani amekiona kilimjia kwa kuulizwa sana. Watu wakanung'unika. Harthama akamsogelea, macho yamemlowa, akawaambia kwa upole kuwa msiba umemchanganya mama yetu.

"Mwanangu Harthama," Bi Umaima akasema, "ulinisikiliza vizuri, Mungu akulipe kwa hilo. Sasa nijibu na mimi. Jioni niliyomzika Muadhi, nani kati yenu aliniletea chakula?"

Akaliinua bakuli wauone ukingo.

"Hawa mliotaka niape dhidi yao, wao walikuja. Siwalaumu ninyi, mliogopa. Ila msiba wangu ni wangu. Simpi mtu akafukuzie watu."

Mwuza ngano mmoja akajifunika uso kwa kilemba akalia, akasema hata yeye hakwenda kwa jirani yake. Akafuata mwingine. Msidhani mji mzima uligeuka. Harthama aliendelea na maswali yake, na wapo waliobaki kumsikiliza. Lakini kadhi alilifunga shauri, na wageni wakabaki majumbani mwao.

Alasiri ile Bi Umaima alipanda mtaa wa juu, bakuli limejaa tende. Bi Sabika alifungua mlango kidogo tu, kwa hofu, maana habari za kiapo zilikuwa zimemfikia.

"Nimechelewa kulirudisha, dada yangu," Bi Umaima akasema. "Nisamehe."

Bi Sabika akafungua mlango wote.

Ndugu zangu, akija mtu akaugusa uchungu wenu kwa mkono laini, msimfukuze, huenda ni mja mwema. Ila mtazameni anataka kuupeleka wapi. Na kabla hamjamsikiliza, kila mmoja atazame rafuni kwake, kama hakuna bakuli la mtu ambalo bado hajalirudisha.